Amelala, Hajafa: Mjadala wa Kitanda cha Aliyezidisha Dawa

Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, dawa ya usingizi iliyo karibu kuliko zote haiitwi dawa ya usingizi. Inaitwa dawa ya kifafa. Ni fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika duniani mwaka 1912 na hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa sababu bei yake ni nafuu na inazuia kifafa kweli. Na kifafa si kigeni huku. Tafiti zilizofanyika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom katika miaka ya 2000 zilionyesha kwamba tegu wa nguruwe, anapofika kwenye ubongo wa binadamu, ni mojawapo ya visababishi vya kifafa katika eneo hili. Kwa hiyo vidonge vipo: juu ya kabati, kwenye mkoba wa bibi, ndani ya kikopo kilichokuwa cha kahawa. Vinamwezesha mgonjwa wa kifafa kulima, kusoma na kulea watoto kama wenzake. Lakini vikimezwa na mtoto wa miaka miwili anayedhani ni pipi, au na mgonjwa aliyesahau kwamba alishameza, au na mtu aliyekata tamaa, vinaleta usingizi ambao hata sauti ya mama haiuvunji.

Mtu huyo atibiwe wapi, na nani, na kwa kutumia nini? Chukua Gehandu kwa mfano: kata zenye jina hilo ni mbili, moja iko Mji wa Mbulu na nyingine Hanang. Ya kwanza inategemea hospitali ya Mbulu mjini, ya pili inategemea Katesh, na mambo yakizidi macho yote yanaelekea Haydom. Mjadala unaofuata nimeupanga mwenyewe, haukurekodiwa kikaoni. Lakini hoja zake ni zile zile zinazosikika wodini, kwenye kijiwe cha bodaboda na katika vikao vya bajeti, ambako kila mmoja huzitoa kwa wenzake tu. Hapa nimewaweka pamoja wajibizane.

Mzee: Mimi naanzia nyumbani, maana ndiko mambo yanakoanzia. Mtu akimeza kitu kibaya tunamnywesha maziwa. Wazee wetu walifanya hivyo, na wapo waliopona. Leo mnatuambia tusimpe kitu. Sasa tukae tu, tumwangalie?

Muuguzi: Shikamoo, Mzee. Sijasema mkae. Nasema aliyezimia hawezi kumeza. Njia ya chakula na njia ya hewa zinapitia koo moja. Wewe ukipaliwa unakohoa, kitu kinatoka. Aliyelala kwa dawa hakohoi. Maziwa mliyompa kwa upendo yanaingia mapafuni, na mtu ambaye vidonge visingemuua anakufa kwa nimonia siku ya nne. Hao waliopona walipona pamoja na maziwa, hawakupona kwa sababu ya maziwa. Na kumtia kidole kooni atapike ni hatari ile ile.

Mzee: Marahaba, mwanangu. Basi tufanye nini?

Muuguzi: Mlazeni ubavu, mdomo uinamie chini kidogo ili mate na matapishi yatoke. Kidevu kiinuliwe, ulimi usirudi nyuma. Mfunikeni. Asiachwe peke yake hata dakika moja. Kisha mleteni, na mje na pakiti ya dawa hata kama imebaki tupu. Pakiti inaniambia mambo ambayo mgonjwa hawezi kuniambia.

Dereva wa bodaboda: Kuleta ndiko kwenye shida, Sista. Saa saba usiku naitwa mimi. Tunapanda mshikaki: mimi mbele, mgonjwa katikati, kaka yake nyuma amemkumbatia. Kichwa kinaning'inia. Njiani namsikia anakoroma, najisemea afadhali, amelala vizuri.

Muuguzi: Mkoromo huo ni ulimi unaoziba njia ya hewa. Unakuwa unamsikia akikosa hewa mgongoni kwako. Kama kuna gari lolote, hata la mizigo, alazwe ubavu nyuma na mtu akae naye. Kama hakuna kabisa, aliyekaa nyuma kazi yake ni moja: kiganja kishike kidevu, kichwa kisiangukie kifuani. Na mkoromo ukikatika ghafla, simama umwangalie.

Dereva wa bodaboda: Mjamzito akizidiwa watu wanapiga 115, gari la m-mama linakuja au dereva wa jamii anatumwa. Huyu wa vidonge anapigiwa namba gani?

Hapa sina budi kuingilia. Swali la dereva huyu ni zito kuliko linavyosikika. Mfumo wa m-mama ulijengwa kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, na umethibitisha kwamba dharura ya kijijini inaweza kupata usafiri kwa simu moja. Kama inawezekana kwa mama mwenye uchungu, inawezekana pia kwa kijana asiyejitambua. Barabara ni ile ile, na madereva ni wale wale.

Katibu wa afya: Naomba nisionekane sina huruma. Kazi yangu ni kugawa kidogo kilichopo. Usiku wodi nzima ina muuguzi mmoja, siku ya neema wawili. Kumtunza huyu kunataka mmoja wao akae na mtu aliyelala tu, siku tatu au nne. Mwenye kifafa cha mimba afanyeje? Mtoto mwenye malaria kali je? Mimi nasema apewe rufaa papo hapo, aende kwenye mashine na mabingwa. Sisi tutibu tunaowaweza.

Muuguzi: Rufaa ni mafuta, dereva na barabara, na masika barabara yenyewe ni tope. Ukimpakia mtu ambaye njia yake ya hewa hujaiweka sawa, atafika amekufa na karatasi yake ya rufaa mfukoni. Atakachofanyiwa huko katika saa ya kwanza ndicho ninachoweza kumfanyia hapa.

Katibu wa afya: Huko wana dawa ya kuondoa sumu.

Daktari: Hapo, Katibu, wengi wanakosea, hata waliosoma. Fenobabitoni haina dawa ya kuipinga. Haipo hapa, haipo Muhimbili, haipo London. Kwa dawa za jamii ya diazepamu ipo moja, flumazenili, lakini ikipewa mtu mwenye kifafa, au aliyechanganya na dawa kama amitriptilini, inaweza kumletea degedege mbaya kuliko usingizi aliokuwa nao. Naloksoni inafanya kazi kwa morfini, tramadoli na heroini; kwa huyu wa vidonge vya kifafa haifanyi kitu. Tunampima sukari mara anapofika, kwa sababu sukari ikishuka mtu huzimia vivyo hivyo na glukosi humwamsha. Tunampima malaria, tunafikiria homa ya uti wa mgongo, tunauliza kama ametoka tu kupata kifafa. Tukimaliza hayo, ikabaki fenobabitoni, kinachobaki ni kumtunza mpaka mwili uitoe wenyewe. Kwa mtu mzima, nusu ya dawa hiyo huchukua takriban siku tatu hadi nne kutoka.

Mzee: Daktari, unaniambia hospitali haina dawa?

Daktari: Nakuambia matunzo ndiyo dawa, Mzee, na hilo lilishapimwa. Zamani Ulaya waliamini aliyelala kwa vidonge lazima aamshwe kwa nguvu. Waliwachoma strikinini, pikrotoksini na amfetamini, wakawaosha tumbo hali hawana fahamu. Karibu mmoja kati ya wanne au watano alikuwa akifa. Mwaka 1949, katika Hospitali ya Bispebjerg mjini Copenhagen, daktari wa magonjwa ya akili Carl Clemmesen akaanzisha kituo cha wagonjwa hao, na Eric Nilsson, daktari wa usingizi kutoka Sweden, akaichambua njia yao katika kitabu cha mwaka 1951. Waliacha sindano za kuamsha. Wakalinda njia ya hewa, wakatoa oksijeni, wakashikilia presha, wakageuza wagonjwa, wakakesha nao. Vifo vikashuka hadi mmoja au wawili kati ya 100. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa katikati ya hapo.

Nilisoma habari hiyo nikiwaza kwamba mwaka 1955, miaka sita tu baada ya Bispebjerg, wamisionari kutoka Norwei walifungua hospitali ya Haydom kwenye nyanda hizi. Sidai kwamba kimoja kilizaa kingine. Ninachosema ni kwamba njia hiyo ya Skandinavia haikuhitaji utajiri ambao Mbulu haina. Ilihitaji watu wa kukesha.

Mzee: Lakini Ulaya walikuwa na mashine za kupumulia.

Daktari: Chache sana. Mwaka 1952 polio iliivamia Copenhagen, wagonjwa wakashindwa kupumua, na mashine za hospitali ya Blegdam zilikuwa hazifiki hata kumi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza watoto na vijana wale wapulizwe kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari waliitwa wapatao 1,500, wakaketi kwa zamu usiku na mchana, wiki baada ya wiki, wakibinya mfuko wa hewa. Chumba cha wagonjwa mahututi kama tunavyokijua leo kilizaliwa kutokana na mikono ile.

Mzee: Basi mmejibu wenyewe! Sisi ndugu tupo. Mgonjwa wa Gehandu halazwi peke yake. Shangazi yupo, kaka yupo, tunalala chini ya kitanda. Tufundisheni tubinye, tugeuze, tuhesabu pumzi. Katibu abaki na muuguzi wake.

Katibu wa afya: Hilo nalipenda.

Muuguzi: Mimi silipendi lote. Kugeuza sawa, tena mnageuza vizuri kuliko sisi kwa sababu ni wenu. Kupangusa midomo, kumfunika, kumwita kwa jina, sawa. Lakini msinitwishie ndugu kazi ya kuamua kama mgonjwa anakufa. Pumzi ikikatika saa tisa usiku mikononi mwa shangazi, atabeba lawama hiyo maisha yake yote, na ukoo utamkumbusha. Wale wanafunzi wa Copenhagen walikuwa na daktari chumbani. Sijakataa msaada wenu, Mzee. Nakataa mtumike kuficha kwamba hatujaajiri.

Katibu alikuwa na haki ya kuuliza muuguzi anafanya nini muda wote huo, kwani aliyelala anaonekana hana kazi ya kumpa mtu. Jibu la Muuguzi nimeliacha lote, maana humo ndimo maisha ya mgonjwa yalimo.

Muuguzi: Nahesabu pumzi dakika nzima. Sihesabu robo dakika nikazidisha kwa nne, kwa sababu pumzi za huyu hazina mpangilio; anaweza kuvuta tatu za haraka kisha akanyamaza. Naweka mkono kifuani chini ya blanketi, kwani gizani macho hudanganya. Namvalisha kipima oksijeni kidoleni. Mbulu Juni na Julai ni baridi kali, na dawa hii yenyewe inashusha joto la mwili. Kidole kikipoa mashine haisomi kitu, inaonyesha vistari tu. Ndugu akiona vistari anaanza kulia. Nakipasha moto kidole kati ya viganja vyangu mpaka namba itokee. Mate yakijaa kooni nayanyonya kwa pampu ya kukanyaga na mguu, maana ya umeme hufa umeme ukikatika. Kila saa mbili tunamgeuza: kulia, kushoto. Naangalia visigino, nyonga, chini ya mgongo, hata sikio lililolaliwa, kwa sababu dawa hizi huweza kutoa malengelenge kwenye ngozi iliyogandamizwa. Macho yake hayafungi vizuri, yatakauka na kupata vidonda; nayapaka dawa na kuyafunga. Mpira wa mkojo uwepo, na mkojo upimwe, ndiyo unaniambia kama presha inatosha figo. Dripu iende polepole, nikijaza sana nitamzamisha mapafu. Namuinua kichwa kidogo. Halafu naanza upya. Katibu, hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyelala tu.

Katibu wa afya: Na kila usiku kuna wangapi wa kuangaliwa hivyo?

Daktari: Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na karibu asilimia 69 ya hao wako wodi za kawaida, si vyumba vya mahututi. Zaidi ya nusu hawakuwa wakipata matunzo ya msingi: oksijeni, dripu, kulindwa njia ya hewa. Kwa hiyo ukiniuliza muuguzi wa huyu wa vidonge atafanya nini wiki ambayo hakuna aliyemeza vidonge, nakujibu hatakosa kazi. Atakaa na mwenye nimonia, na aliyevunjika kichwa kwenye pikipiki, na yule wa kifafa cha mimba uliyemtaja wewe mwenyewe. Kona moja ya wodi, vitanda vichache, muuguzi asiyeondoka. Kuhusu rufaa, tusibishane kupita kiasi. Wapo wanaohitaji mashine: pumzi zinazidi kupungua, oksijeni haipandi, presha haishiki baada ya dripu. Hao waende Haydom au hospitali ya KCMC, wakisindikizwa na muuguzi na mfuko wa kupulizia.

Katibu wa afya: Kona hiyo naweza kuitetea kwenye bajeti. Muuguzi wa zamu tatu siwezi kumuahidi. Vibali vya ajira havitoki mezani kwangu.

Katibu alisema kweli, na sitamlaumu. Ila kibali kisichoombwa hakitoki popote.

Mzee: Kuna jambo hamjaligusa kwa sababu mnaliogopa. Mtoto akimeza vidonge tunakimbia. Mtu mzima akimeza, watu wanakaa kwanza wakijadili. Wengine wanasema alitaka mwenyewe. Wengine wanaogopa polisi. Tunaambiwa leteni PF3, ile fomu ya polisi. Saa zinakwenda, tunamficha chumbani tukisema atazinduka.

Daktari: Hofu hiyo ina msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na katiba. Sisi bado tunacho. Mimi si mwanasheria, lakini nimeona sheria hii inachofanya kwa pumzi ya mtu: inamchelewesha mlangoni kwake. Kila saa anayolala chali chumbani, akiwa peke yake, ndiyo saa mapafu yanaharibika. PF3 ijazwe mgonjwa akiwa kitandani na oksijeni puani.

Muuguzi: Na hao wanaosema alitaka mwenyewe, waje wamwone anapozinduka. Anaomba maji. Anauliza mtoto wake yuko wapi. Wengi hawasemi kingine. Siku hiyo ndiyo ya kukaa naye, mlango ukiwa umefungwa, na kumuuliza kwa upole ni nini kilimfikisha pale, na kama mawazo hayo bado yapo. Matusi ya wodini niliwahi kuyasikia, nayakataa. Mtu aliyekeshewa siku nne asitukanwe siku ya tano. Na asirudishwe nyumbani kwenye kikopo kile kile bila mtu wa kumtunzia dawa.

Dereva wa bodaboda: Nami niulize la mwisho. Kuna siku nimebeba mtu, yu baridi, hajibu, macho hayachezi. Wote wakasema tugeuze, tumrudishe nyumbani akazikwe. Tungejuaje?

Daktari: Msingejua, na ndiyo maana msigeuze. Dawa za jamii ya fenobabitoni zikizidi zinaweza kuufanya mwili uwe baridi, mboni zisiitikie mwanga, mtu afanane kabisa na maiti, na bado akaamka akitunzwa. Kwa sababu hiyo madaktari duniani kote hawaruhusiwi kutamka kifo cha ubongo kabla ya kuhakikisha dawa kama hizi hazimo mwilini. Wewe na wenzako leteni. Kutamka ni kazi yetu.

Mzee aliomba tuishie hapo, naye ni mkubwa wetu. Mimi nabaki na hukumu yangu. Katika mjadala huu Muuguzi ameshinda, na Katibu ameshindwa kwa heshima, kwa sababu alichokosa si hoja bali watumishi. Halmashauri za Mbulu na Hanang ziandike kwenye maombi yao ya watumishi muuguzi wa kona ya mahututi kwa kila zamu, ziandike na vifaa vyake kwa majina: mfuko wa kupulizia wa mtu mzima na wa mtoto, pampu ya kunyonya ya mguu, kipima sukari, kipima oksijeni, mablanketi. Hakuna hata kimoja katika orodha hiyo kinachohitaji jengo jipya. Wabunge wetu walipeleke bungeni suala la kifungu cha 217.

Nawe unayesoma ukiwa na vidonge vya kifafa ndani, vifungie leo mahali ambapo mtoto hafiki na mtu mmoja tu ndiye mwenye ufunguo. Lakini usimwachishe mgonjwa wako dawa kwa hofu ya haya uliyosoma. Fenobabitoni ikiachwa ghafla huleta kifafa kisichokatika, nacho huua. Apewe kila siku, kwa wakati wake, na aliyeshika ufunguo.